Si urani iliyokwamisha buloni



Mwezi wa 10, siku chache mbele ya mvua ya kwanza, nilivunja buloni ya gari la mjomba wangu. Haikuwa buloni ya moteri wala ya gurudumu. Ilikuwa moja kati ya 8 zinazoshika portibagaji ya alumini juu ya paa. Niliivunja mimi mwenyewe, na lisansi yangu ya agronomia mfukoni, na bomba la maji la sentimita 60 mkononi. Vijana wawili walikuwa wananishikia ngazi. Buloni ikalia "ta!", kichwa chake kikaanguka chini, na mmoja wa wale vijana akasema palepale: "Njo ile ya Shinkolobwe. Urani inakula vyuma."

Mnajua kwa nini alisema vile. Misimu mitatu mfululizo gari lile lilikuwa linapeleka mbegu na mbolea kwa wakulima wa njia ya Shinkolobwe, kilomita kama 20 kutoka Likasi. Na kwetu hapa Shinkolobwe inabeba lawama ya kila kitu. Historia yenyewe ni nzito, siikatai: madini ya shimo lile yalipelekwa Marekani na yakaingia katika kazi ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Union Minière ilifunga mgodi mbele ya uhuru wa 1960. Kiisha wakaja wachimbaji wa mikono kutafuta kobalti, na mwaka 2004 serikali ikakataza kuchimba. Mwaka uleule shimo likabomoka na kuua watu, na kijiji kikaondolewa. Basi tangu pale, jino likiuma, ni urani. Mahindi yakigeuka manjano, ni urani, hata kama mimi naona wazi kwamba shamba limekosa azoti tu.

Sisemi urani ni mchezo. Vumbi la pale usilivute, na jiwe la pale usilete nyumbani kwa kupamba meza. Lakini buloni ya portibagaji haikwami kwa sababu ya mionzi. Inakwama kwa sababu nyingine, na ile sababu, nasema kwa haya kidogo, niliibeba mimi mwenyewe juu ya paa, ndani ya magunia ya kilo 50.

Kwanza niseme kwa nini ilikuwa lazima kushusha portibagaji, sababu wengine wataniuliza: "Kama imekwama, si imeshika vizuri? Iache." Hapana. Mguu wa mbele wa kushoto ulikuwa umepasuka. Msimu uliopita, tukiwa na magunia 4 juu, portibagaji ilisogea kwenye kona kama kiganja kizima, na nyuma yetu kulikuwa na motosikili imebeba mama na mtoto. Gunia moja likaning'inia. Halikuanguka, lakini mimi ile picha sijaisahau. Magunia 4 ni kilo 200. Magari mengi madogo tunayoyapata okazi kutoka Japani, paa lake limeruhusiwa kubeba kati ya kilo 50 na 100 tu, na imeandikwa katika kitabu cha gari, kile kitabu ambacho hakuna mtu anakisoma sababu kiko kwa Kijapani. Kwa hiyo mguu ule ulipaswa kutoka, kuchomelewa au kubadilishwa, mbele ya msimu kuanza. Na mjomba alikuwa amenikopesha gari kwa sharti moja: lirudi vile lilivyotoka.

Sasa turudi kwenye kichwa cha buloni kilichoanguka. Nilikiokota, nikatazama pale kilipokatika. Ndani, chuma kilikuwa kinang'aa, kizima kabisa, hakuna kutu. Lakini kuzunguka shina, pale linapoingia katika mguu wa alumini, kulikuwa na unga mweupe mgumu, kama chokaa iliyokauka kwenye sufuria ya kuchemshia maji. Ule unga njo adui. Kutu ya chuma ni nyekundu na kila mtu anaijua. Ile nyeupe ni "kutu" ya alumini, na wengi wetu tunaipita tukidhani ni vumbi.

Inatoka wapi? Ninyi wa Likasi hamhitaji maelezo marefu, mmekulia karibu na Shituru. Kule kiwandani wanaweka shaba ndani ya maji ya asidi, wanapitisha umeme, na shaba inakwenda kujishikiza upande mmoja. Umeme unatoka nje, unalazimisha chuma kuhama. Juu ya paa la gari mambo yanafanyika kinyume: hakuna mtu aliyeleta umeme, ila vyuma viwili tofauti vinavyogusana, vikilowa maji yenye chumvi, vinatengeneza umeme wao wenyewe. Ni pile, sawa na pile ya radio. Na katika kila pile kuna upande mmoja unaoliwa. Kati ya alumini na chuma cha buloni, anayeliwa ni alumini. Inayeyuka kidogokidogo katikati ya meno ya buloni, inageuka ule unga mweupe, na unga unachukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyouzaa. Meno ya buloni hayana nafasi ya kuazima. Basi unga unabana, unabana, mpaka chuma na alumini vinakuwa kama kitu kimoja.

Hapa kuna kosa ambalo hata watu waliosoma wanalifanya. Wanasema: "Nitanunua buloni ya inoksi, ile haiozi." Ni kweli, inoksi haiozi. Lakini katika ile pile, inoksi iko mbali zaidi na alumini kuliko chuma cha kawaida kilichopakwa zinki, kwa hiyo alumini inaliwa kwa hamu zaidi. Buloni yako itabaki inang'aa kama kijiko cha bibi arusi, na haitatoka.

Lakini maji ya mvua peke yake ni pile dhaifu. Watu wa pwani wana chumvi ya bahari, Ulaya wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi. Sisi Haut-Katanga bahari iko wapi? Chumvi yetu ni mbolea. Hapa njo niliona haya, sababu hii nilipaswa kuijua mbele ya fundi yeyote. NPK ni mchanganyiko wa chumvi, na mara nyingi potasiamu yake inatoka katika kloridi, na kloridi ni rafiki mbaya sana wa alumini: inatoboa ile ngozi nyembamba inayoikinga. Urea nayo inavuta maji kutoka hewani: kwa joto la nyuzi 30, unyevu wa hewa ukipita asilimia kama 73, urea inaanza kulowa yenyewe bila tone la mvua. Tulijifunza hayo kwa ajili ya depo, ili magunia yasiwe mawe. Hakuna profesa aliyetuambia: "na tena usiyaweke juu ya portibagaji, sababu punje zinazovuja zitaingia kwenye miguu, zitalowa usiku, na zitakula." Mimi pia sikufikiri. Gunia likichanika kidogo, tunapangusa kioo, tunaendelea. Mvua za mwezi wa 11 mpaka wa 3 zinayeyusha punje na kuzishusha kwenye tundu. Kiisha kiangazi kinakuja, kinakausha kila kitu, kinageuza mahali pale kuwa saruji. Misimu mitatu hivyo.

Basi tulikuwa na buloni 8. Tano zilitoka kwa mkono wa kawaida, zikilalamika. Ya sita nikaivunja. Mbili zilibaki. Nilikwenda kumtafuta papa mmoja, fundi wa siku nyingi, anafanya kazi chini ya mwembe, hana kibao. Alipanda ngazi, akatazama, akashuka, akanitazama mimi.

"Agronomu, weye njo ulivuta?"

"Ndiyo, papa."

"Na bomba?"

"Na bomba."

"Unavuta sawa mutu wa kuvuta mbuzi. Buloni haina mbuzi."

Nilipiga hesabu usiku ule, na papa alikuwa na haki. Buloni ya milimita 8 ya kawaida inakazwa kwa nyutoni-mita kama 25. Ukining'iniza nguvu ya kilo 20 tu kwenye mwisho wa bomba la sentimita 60, umeweka karibu 120. Karibu mara 5. Hakuna buloni ya milimita 8 inayopona pale. Bomba halikupi nguvu ya kufungua, linakuondolea mkono unaosikia. Na mkono unaosikia ni chombo cha kwanza cha kazi hii.

Kwa zile mbili zilizobaki, papa hakugusa ufunguo siku ya kwanza. Alichukua brosi ya waya, akasugua meno yote ya buloni yanayotokea upande wa chini, mpaka yakawa safi. Mimi ningepita bila kufanya hilo. Lakini fikiri: buloni ikianza kurudi, yale meno machafu ya chini lazima yapite ndani ya tundu la alumini. Yakibeba unga na mchanga, yatakwama katikati, na pale ni pabaya kuliko mwanzo. Kiisha akapiga kichwa cha buloni na nyundo ndogo, ta-ta-ta, si kwa hasira, labda mara 30, wima, ili kuupasua ule unga. Kiisha mafuta.

Juu ya mafuta nina maneno. Mafundi wengi hapa wanatumia mafuta ya breki. Yanapenya kweli, lakini yakidondoka kwenye rangi ya gari yanaivua kama ganda la kitunguu, na tuko juu ya paa, kila kitu kinadondoka kwenye rangi. Mazuti inasaidia kidogo. Ile chupa ya WD-40 inafukuza maji vizuri, lakini kwa buloni iliyolala misimu mitatu ni kama kumpa mgonjwa wa malaria kikombe cha chai. Mchanganyiko ambao mafundi wa nchi nyingi wanausifu ni nusu mafuta ya boate otomatiki na nusu asetoni. Asetoni utaipata kwa mama wa saluni, ile ya kutoa rangi ya kucha, ila soma chupa, sababu siku hizi nyingi hazina asetoni ndani. Nayo inakula rangi ya gari, na inashika moto haraka sana. Funika paa na gunia lililolowa, weka matone machache na sindano ya bomba ya farmasi, usimwage.

Na ujue mafuta yanafanya nini. Hayayeyushi unga mweupe. Yanatafuta njia tu, yanaingia katika nyufa, yanalainisha. Kwa hiyo bila kupasua unga kwanza, mafuta yanabaki nje. Tulitia asubuhi, tukatia jioni, tukaacha usiku. Siku ya pili tena. Mjomba akapiga simu. Nikasema "iko inaenda vizuri, mjomba." Ilikuwa kweli nusu.

Siku ya tatu njo joto. Hapa kuna kitu kizuri cha fizikia. Alumini ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa hiyo ukipasha mguu mzima, tundu la alumini linafunguka kuliko buloni inavyonenepa. Kwa buloni ya milimita 8, ukipandisha joto kwa nyuzi 70, unapata pengo la kama elfu 6 za milimita. Ni kidogo sana, unywele wako ni mnene mara 10 zaidi. Lakini ule unga hautanuki wala haukunjiki, unapasuka. Papa hakuleta shalimo. Alileta birika mbili za maji yanayochemka na matambara. Anafunika mguu na tambara, anamwaga polepole, anangoja, anamwaga tena, anaacha upoe, anarudia.

Nilimuuliza kwa nini si shalimo, itakuwa haraka. Jibu lake lilikuwa fupi: alumini haikuambii. Chuma kikikaribia hatari kinakuwa chekundu, unakiona. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, na inafika pale bila kubadilika rangi. Dakika moja ni mguu, dakika inayofuata ni uji. Na mbele ya kuyeyuka, hata moto wa wastani unalegeza alumini ngumu ya portibagaji. Itabaki na sura yake lakini itapinda ukiibebesha. Tena chini ya paa kuna kitambaa na sponji, na juu tulikuwa tumetia asetoni. Kama ulitia mafuta ya aina ile, maji ya moto tu, moto wazi hapana.

Kiisha ufunguo. Buloni za Kijapani za milimita 8 nyingi zina kichwa cha 12. Ukileta ufunguo wa 13 kwa sababu njo uko karibu, utakula pembe, na buloni isiyo na pembe ni kazi nyingine mpya. Tumia ufunguo unaozunguka kichwa kizima, wenye pembe 6 ndani, si ule wa 12. Papa aliuweka, akashika kwa mikono miwili karibu na kichwa, na akafanya kitu kilichonishangaza: akakaza. Kidogo tu, upana wa ukucha. Kiisha akalegeza kidogo. Akakaza. Akalegeza. Ikasikika sauti kavu, na mimi nikafumba macho nikidhani imevunjika. Kumbe ni unga umeachia. Robo ya mzunguko mbele, mafuta, nusu ya robo kurudi, mafuta. Kila mara ikianza kuwa nzito anairudisha ndani, anaisafisha. Ile buloni ya kwanza ilichukua dakika 40. Ya pili ilichukua 15, na nusu ya mwisho nilifanya mimi.

Mbele ya kufika kwenye ile niliyoivunja, lazima niseme juu ya dawa mbili ambazo mtu atakupendekezea hapa kwetu, sababu zote mbili zinapatikana kirahisi. Ya kwanza ni asidi ya batri, au mbaya zaidi, asidi ya kiwanda inayotembea katika mabidoni. Ya pili ni soda kali ya wenye kutengeneza sabuni. Jirani aliniambia kwa nia nzuri: "Tia soda, itakula uchafu wote." Itakula, ndiyo. Soda kali inaanza na alumini yenyewe, inachemka, inatoa joto na gesi ya hidrojeni inayoweza kulipuka, na buloni ya chuma inabaki inatazama tu. Utatoa buloni, lakini mguu hautakuwako. Na jicho lako likipata tone moja, hakuna portibagaji inayolipa jicho.

Sasa ile iliyovunjika. Bahati yangu moja: kichwa kilipokatika, shina lilibaki limetokeza milimita kama 5. Na kwa kuwa kichwa njo kilikuwa kinashika kibano, kibano kililegea, tukashusha portibagaji nzima chini. Hii ni siri inayofaa kujulikana: mara nyingine ukishindwa kabisa, kata kichwa makusudi na mashine ya diski, shusha kila kitu, na shina utalishughulikia mezani, ambako linaachia kirahisi zaidi sababu hakuna tena kinacholivuta. Ukikata, funika kioo cha mbele na paa. Zile cheche zinaingia ndani ya kioo na hazitoki.

Tulijaribu pensi ya kubana. Ikateleza, ikala meno. Basi tukaenda kwa mchomeleaji. Anachukua ekru kubwa kidogo, ya 10, anaivalisha juu ya shina, anachomelea ndani ya tundu la ekru mpaka shina na ekru vinakuwa kitu kimoja. Uzuri wake ni mawili kwa pamoja: unapata kichwa kipya cha kushika, na joto la kuchomelea linaingia moja kwa moja katika shina. Na ile baketi ya chuma haishikani na alumini, kwa hiyo hata ikimwagika kidogo si msiba. Kama kazi inafanyika juu ya gari, toa kwanza waya wa hasi wa batri, ama utaua kompyuta ya gari. Sisi tulikuwa chini, tatizo letu lilikuwa kurani. Ilikatika saa 9 mchana, ikarudi saa 3 usiku. Tukachomelea usiku, mimi nimeshika tochi.

Mara ya kwanza niliharakisha. Ekru ikiwa bado ya moto mwekundu nikatia ufunguo, ikang'oka peke yake. Mara ya pili mchomeleaji alininyang'anya ufunguo. Tukangoja mpaka unaweza kugusa ekru na kidole. Kukaza kidogo, kulegeza kidogo, mafuta. Ikatoka saa 5 usiku, imevaa ule unga mweupe kwenye kila jino, kama mtu aliyekula unga wa muhogo. Niko nayo mpaka leo, kwenye meza yangu, karibu na memwari.

Kama shina lingekuwa limekatika ndani, sawa na uso wa alumini, tungelazimika kutoboa. Niliwahi kuona kazi hiyo ikiharibika, kwa hiyo nitasema kwa ufupi pale inapoharibika. Buloni ni ngumu, alumini ni laini, na meshi inapenda kilicho laini. Ikikosa katikati kwa milimita moja, itakimbilia pembeni na kula mguu. Kwa hiyo laini uso na tupa, piga alama katikati kabisa na ncha ngumu, anza na meshi ya 3, mwendo wa polepole, mkono mzito, mafuta. Kama ni inoksi, usiiache meshi izunguke bila kula, sababu inoksi ikisuguliwa inakuwa ngumu zaidi. Fika kwenye 5, kiisha 6.5, na mara nyingi ganda la meno linalobaki unalitoa kwa ncha ya msumari kama nyuzi. Kuna vile vyuma vyenye meno ya kushoto vya kung'olea buloni, vinauzwa katika kisanduku. Vizuri, lakini kikivunjika ndani, ni chuma kigumu ambacho meshi yako haitakigusa. Umepata matatizo mawili kwenye tundu moja.

Na iko njia ya wavivu wenye subira, ambayo naipenda kwa sababu ni kemia tupu: shabu, ile wanaoongea Kifaransa wanaita alun. Mafundi wa saa wanaijua. Kama sehemu ya alumini ni ndogo na inaweza kuingia katika sufuria, iweke ndani ya maji yaliyoshiba shabu, yawe ya moto lakini yasichemke kwa fujo. Shabu inakula chuma cha kawaida na kuiacha alumini. Inachukua masaa mengi, pengine siku, na buloni inageuka matope meusi. Haifanyi kazi kwa inoksi. Na sufuria iwe ya alumini au ya kioo, si ya chuma. Wala usiirudishe jikoni. Mimi nimejaribu na skrubu ndogo, ikakubali. Mguu wa portibagaji haukuingia kwenye sufuria yoyote ya mama.

Tulipomaliza, meno mawili ya kwanza ya lile tundu yalikuwa yameliwa. Nikanunua buloni ndefu zaidi kwa milimita 10 ili zishike kule ndani ambako alumini bado nzima. Mguu uliopasuka ukabadilishwa na wa okazi. Buloni zote 8 mpya ni za chuma chenye zinki, si inoksi. Kila moja nilipaka grisi nene kwenye meno na chini ya kichwa, na rondeli ya plastiki kati ya kichwa na alumini ili vyuma viwili visigusane pale maji yanapotuama. Kwa kuwa grisi inafanya buloni iteleze, usikaze kama zamani. Ukikaza mpaka inalia, meno ya alumini ndiyo yatakayolia kwanza.

Na mbolea sasa inasafiri ndani ya gari, juu ya hema la plastiki. Juu ya paa tunaweka mabidoni matupu, majembe na makuti ya kivuli. Siku gunia likilazimika kwenda juu, jioni ileile namwaga ndoo mbili za maji safi kwenye miguu minne. Ndoo mbili, si rangi wala dawa ya dukani. Mjomba ananiona namwaga maji juu ya gari ambalo halijachafuka, anatikisa kichwa.

Mwezi wa 4, mvua ilipokwisha, nilipanda ngazi na ufunguo wa 12, bila bomba. Saba zilizunguka kwa mkono mmoja. Ya nane, ya nyuma upande wa kulia, ilikuwa nzito kidogo. Nikaitoa: nyeupe kwenye meno matatu ya mwisho. Pale njo tunaegemeza mfuko wa NPK wakati wa kushusha. Nimeisugua, nimeitia grisi upya, nimeirudisha. Nitaitazama tena mbele ya mwezi wa 10.